Mwalimu, Ikimetameta Je?



Kwa miaka mingi tulifundisha habari za taa ambazo sisi wenyewe hatukuwa tumeziona. Tulikuwa tumemaliza masomo ya ualimu, tukakabidhiwa darasa hapa Karuba, na miongoni mwa mafunzo ya mwaka kulikuwa na somo la usalama barabarani. Tulichukua chaki za rangi, tukachora ubaoni duara tatu, moja juu ya nyingine, tukawaambia watoto: nyekundu, simama, manjano, jiandae, kijani, pita. Watoto walirudia kwa sauti moja hata majirani wakasikia. Nje ya dirisha ng'ombe walikuwa wakipita katikati ya barabara, na hapakuwa na taa yoyote ya kuwazuia.

Siku moja mtoto mmoja wa dawati la nyuma aliinua mkono. Mjomba wake alikuwa utingo wa lori, naye alikuwa amemsimulia mambo ya miji mikubwa. Akauliza: "Mwalimu, na ile ya manjano ikimetameta je? Ikiwaka na kuzimika, ikiwaka na kuzimika?"

Hatukujua. Lakini mwalimu kijana huona aibu kukaa kimya mbele ya darasa, kwa hiyo tulijibu papo hapo: "Hiyo imeharibika. Taa ikiharibika, kila mtu anapita." Watoto waliandika jibu hilo katika madaftari yao. Leo tunataka kuwasimulia jinsi jibu lile lilivyoturudia, na jinsi lilivyokaribia kumgharimu uhai mtu ambaye hakuwa na kosa lolote.

Tulijifunza udereva tukiwa tumekwisha kuvuka miaka 40. Barabara iliyotufunza ni hii mnayoijua, inayoteremka kutoka vilima vya Masisi kwenda Sake, na kutoka Sake kuelekea Goma. Mnajua hali yake wakati wa mvua: matope, makorongo, na ukungu unaoficha mlima mzima. Mnajua pia wanaoitumia: malori yenye viazi na maharagwe, pikipiki zenye madumu ya maziwa, akina mama wenye mizigo mgongoni, na vijana wa chukudu wanaoteremka na magunia huku wakikanyaga kwa mguu kile kipande cha mpira kinachobana gurudumu la nyuma, ambacho ndicho breki yao. Katika barabara hiyo dereva hujifunza kutazama watu, kwa sababu hakuna kingine cha kumwongoza.

Kisha ikaja safari ya kumpeleka mgonjwa wa ukoo wetu kwa daktari, katika mji mmoja wa nchi jirani ambako nako magari hupita upande wa kulia kama kwetu. Tuliazima gari dogo la shemeji. Tulilala njiani, tukaingia mjini kabla ya mapambazuko. Lami ilikuwa laini, barabara tupu, na mgonjwa nyuma alikuwa akiguna kwa maumivu. Mbele yetu palikuwa na makutano ya barabara, na juu ya nguzo taa ya manjano ilikuwa ikiwaka na kuzimika.

Jibu letu la zamani lilikuja lenyewe akilini: imeharibika, kila mtu anapita. Hatukupunguza mwendo. Kutoka upande wetu wa kulia alitokea mzee mmoja juu ya baiskeli, amebeba kapu kubwa la mikate. Tulikanyaga breki kwa nguvu zote. Gari lilisimama hatua moja kutoka kwake, lakini yeye kwa mshtuko alianguka, na mikate ikatawanyika juu ya lami.

Tulishuka tukitetemeka. Mzee aliinuka, akajipangusa magoti, akatutazama kwa muda mrefu. Tulimwomba radhi, tukamweleza kwamba tulidhani taa ile ilikuwa mbovu. Akasema kwa Kiswahili cha polepole: "Baba, taa ile ni nzima. Kila usiku inafanya hivyo. Inakuambia ufungue macho." Tulimsaidia kuokota mikate, tukamlipa ile iliyochafuka. Hakutaka zaidi ya hiyo. Tangu asubuhi ile hatukuweza tena kulisikia lile somo la duara tatu bila kuona kapu lile limelala barabarani.

Tuliporudi tuliamua kujifunza kile tulichokuwa tukikifundisha. Tuligundua kwamba lugha ya taa haikuachiwa kila mji uitunge upendavyo. Tarehe 8 Novemba 1968, mjini Vienna, yalifanyika makubaliano ya mataifa juu ya alama na taa za barabarani, ili mgeni akifika nchi nyingine aelewe anachoambiwa. Nchi yetu nayo ina sheria yake ya barabarani, sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978.

Makubaliano yale yanatofautisha taa iliyotulia na taa inayometameta. Taa iliyotulia inatoa amri. Nyekundu inakataza kupita. Kijani inaruhusu. Manjano inayofuata kijani inakutaka usimame, isipokuwa kama umekwisha kukaribia mno kiasi kwamba kusimama ghafla kungekuwa hatari. Kwa hiyo hata lile "jiandae" letu halikutosha: madereva wengi hujiandaa kwa kuongeza mwendo, na hilo ni kinyume kabisa cha maana yake.

Manjano inayometameta ni jambo jingine. Inamruhusu dereva kuendelea, lakini kwa uangalifu wa pekee. Haimpi mtu yeyote haki ya kupita kabla ya mwenzake. Hutumika mahali na saa ambapo magari ni machache, ili watu wasisimamishwe bure mbele ya barabara tupu. Hutumika pia mahali pa hatari, na mara nyingine wakati mtambo wa taa una hitilafu. Katika hali zote hizo kanuni za kawaida hubaki na nguvu zake: kama kuna alama ya kusimama, unasimama, kama kuna alama ya kumpisha mwingine, unampisha, na kama hakuna alama yoyote, katika nchi zinazopita upande wa kulia unampisha anayetoka kuliani kwako. Yule mzee wa mikate alikuwa akitoka kuliani kwetu. Hata kama taa ingekuwa mbovu kweli, haki ilikuwa yake.

Hapo ndipo tulipoelewa ubaya wa jibu letu. Tulikuwa tumewafundisha watoto kwamba amri ikinyamaza, wajibu nao hunyamaza. Ukweli ni kwamba taa iliyotulia inakupunguzia mzigo, kwa kuwa imekuamulia. Inapoanza kumetameta, mzigo wa kuamua unarudi mikononi mwako. Saa ile unatakiwa kuwa macho zaidi kuliko wakati wa nyekundu, na sisi tulikuwa tumesinzia.

Nyekundu inayometameta nayo ina neno lake. Kwa makubaliano ya Vienna huwekwa mahali kama makutano ya reli na barabara, kwenye madaraja yanayofunguka, au penye kivuko cha feri, na inamtaka dereva asivuke mstari kabisa maadamu inawaka. Lakini mdogo wetu, ambaye vita vilimtoa Masisi na sasa anaishi Marekani pamoja na watoto wake, alitupigia simu siku moja akiwa na huzuni. "Kaka," alisema, "nimeanguka mtihani wa udereva kwa ajili ya taa nyekundu inayocheza." Huko Marekani nyekundu inayometameta penye makutano humtaka dereva asimame kabisa, magurudumu yatulie, aangalie, ampishe mwenye haki, kisha ndipo apite. Yeye alikuwa amepunguza mwendo tu, akaona barabara ni tupu, akapita. Alirudia mtihani, akafaulu. Alitueleza pia kwamba huko basi la shule likisimama na kuwasha taa zake nyekundu za kumetameta, magari husimama ili watoto wavuke. Na kwamba mshale wa manjano unaometameta humruhusu dereva kukata kushoto baada tu ya kuwapisha wanaokuja mbele yake. Tuliandika yote hayo katika daftari, kama mwanafunzi.

Wengine wenu mtasema: Mwalimu, hayo ni mambo ya miji. Ni kweli kwamba hapa Karuba hakuna nguzo yenye taa. Huko Kinshasa, mwaka 2013, yaliwekwa hata maroboti yaliyosimama katika makutano, yakiendeshwa kwa nguvu za jua, yakiinua mikono na kuwasha taa nyekundu na kijani. Kazi hiyo iliongozwa na mama mhandisi, Thérèse Izay Kirongozi. Hayo yako mbali nasi. Lakini taa za kumetameta sisi tunazo kila siku, tena zile zilizo ngumu zaidi kusoma: ni taa za magari yenyewe.

Mnamkumbuka kijana wa pikipiki anayechechemea, ambaye leo anatengeneza chukudu karibu na soko. Tumepewa ruhusa naye kusimulia. Jioni moja ya ukungu alikuwa akipanda mlima, na lori lilikuwa likiteremka. Barabara pale ni nyembamba. Wawili hawapiti pamoja. Dereva wa lori aliwasha taa kubwa mara mbili, akazizima. Kijana alielewa hivi: "Pita, nakungojea." Akaongeza mwendo, akaingia katikati. Dereva alikuwa amesema: "Kaa kando, nimebeba mzigo mzito, siwezi kusimama hapa." Ubavu wa lori ulimgusa, ukamtupa korongoni, na mguu ukavunjika mahali pawili.

Wazee walipokaa kulizungumza jambo lile, kila mmoja aliapa kwamba alikuwa na haki. Tulikuwapo. Wote wawili walisema kweli. Taa ilikuwa moja, na maana zilikuwa mbili. Hakuna sheria iliyopinda wala mtu aliyetaka kumdhuru mwenzake, palikosekana tu mtu wa kujiuliza: "Na kama yeye amemaanisha kinyume?"

Tazameni jambo jingine. Malori mengi yanayotuletea bidhaa hutoka Mombasa, yakipita Kenya na Uganda ambako magari hupita kushoto. Huko madereva wengi wana desturi, isiyoandikwa katika sheria, ya kumsaidia aliye nyuma: dereva wa lori akiwasha taa ya pembeni ya kulia, anamwambia, "Usinipite, kuna gari linakuja", akiwasha ya kushoto, "Pita, njia ni nyeupe." Akivuka mpaka Bunagana au Kasindi, upande wa barabara unageuka, na desturi hiyo nayo inageuka: sasa kushoto ndiko kwenye hatari. Je, aliyeendesha usiku kucha atakumbuka kugeuza? Na je, taa hiyo anakuwashia wewe, au anataka tu kukata kona? Aliye nyuma hana njia ya kujua. Hata zile taa nne zinazometameta kwa pamoja, ambazo zimewekwa kwa ajili ya gari lililosimama kwa hatari, baadhi ya madereva huziwasha wakienda moja kwa moja katika makutano, wengine wakiwa katika msafara wa arusi, wengine kwa kumshukuru aliyewapisha.

Basi mtu afanye nini, iwapo taa moja ina maana tatu? Baada ya kapu lile la mikate na mguu ule uliovunjika, tulijiwekea kanuni moja, nasi tunaiweka mbele yenu muipime. Ukiona ishara usiyo na hakika nayo, jiulize: nikiichukua kwa maana hii nami nikawa nimekosea, nitapoteza nini? Kama taa kubwa za lori zilikuwa zinakuambia upite, nawe ukasimama, umepoteza dakika mbili, na pengine dereva atakucheka. Kama zilikuwa zinakuambia usimame, nawe ukapita, hakuna atakayecheka. Chagua ile maana ambayo kosa lake litakugharimu muda tu. Usichague ile ambayo kosa lake litalipwa na mwili wa mtu.

Na ukiwa na hakika ya ishara, bado kuna kazi. Ondoa mguu kwenye mafuta. Tazama kushoto, tazama kulia, kisha tazama tena kushoto. Mtafute aliye mdogo kuliko wewe: mwenye miguu, mwenye baiskeli, mwenye chukudu. Huyo hana taa ya kukuwashia. Akiteremka na magunia yake hawezi kusimama ghafla, na sauti yake haitaushinda mngurumo wa gari lako. Usiku ukiona tochi inatikiswa njiani, simama mbali, taratibu, usimpofushe mtu kwa taa zako kubwa. Na wewe utakayekwenda mjini kwa miguu, ukimwona yule mtu mdogo wa kijani kwenye taa za waenda kwa miguu ameanza kumetameta, ujue muda unakwisha: kama hujaanza kuvuka, usianze, kama uko katikati, maliza.

Tunawaambia hayo ninyi vijana kwa kuwa wengi wenu mtashika usukani kabla hamjashika hati ya udereva. Ndivyo ilivyo kwetu. Hatuwezi kujifanya hatuoni. Pikipiki inaazimwa, inajifunzwa jioni moja uwanjani, na kesho yake inabeba abiria. Mkono hujifunza upesi. Jicho huchelewa. Nasi walimu tumechangia ucheleweshaji huo kila tulipotoa jibu la haraka ili kulinda heshima yetu.

Kwa sababu hiyo, mwaka ule ule wa ile safari, tulimtafuta yule mtoto wa dawati la nyuma. Hakuwa mtoto tena. Alikuwa dereva wa lori, baba wa watoto wanne. Tulimkuta Sake akingoja mvua ipungue, amekaa juu ya gurudumu la akiba, anakula muhogo. Alisimama kutuamkia kwa mikono miwili.

Tukamwambia: "Mwanangu, unakumbuka swali lako la taa inayometameta?"

Akafikiri kidogo, kisha akacheka. "Nakumbuka, Mwalimu. Ulisema imeharibika."

"Tulikudanganya. Hatukujua, nasi tukaona aibu kusema hatujui."

Aliacha kucheka. Akatazama chini, akatuambia kwamba mara ya kwanza alipofika kwenye taa kama ile, ugenini, alipita kama tulivyomfundisha, na aliyekuwa akivuka ni mama mwenye mtoto mgongoni. "Mungu alisaidia, Mwalimu. Waliruka pembeni. Nilisimama mbele kidogo, nikashindwa kuwasha gari tena mpaka kulipokucha."

Hatukuwa na neno la kujibu. Tulikaa naye juu ya lile gurudumu mpaka mvua ikapungua. Alipopanda garini alitoa kichwa dirishani, akasema: "Darasani siku hizi wanauliza bado?"

Wanauliza. Somo lile tunalifundisha hadi leo, na tumeongeza duara ya nne ubaoni, ya manjano, yenye vistari vidogo pembeni kuonyesha kwamba inawaka na kuzimika. Watoto wakiuliza maana yake, tunawasimamisha wawili wawili katika njia ya katikati ya madawati, mmoja akitoka kulia na mwingine akitoka mbele, tunazima maneno yetu, na kuwaacha watazamane mpaka mmoja ampishe mwenzake. Na wakiuliza jambo tusilolijua, tunalo jibu jipya, ambalo lilituchukua zaidi ya miaka 20 kujifunza: "Hatujui. Ngojeni tukaulize."